Tulivyompeleka Inspekta Kendu Bay

Wasee wa Fomu Tatu, hasa nyinyi wa viti vya nyuma,

Tangu nirudi nyumbani hamjaniacha nipumue. "Ochi, ile video iko wapi?" "Ochi, mbona umeifuta?" "Ochi, leta sehemu ya pili." Juzi Brayo alinifuata mpaka kibandani kwa mama pale Kondele, akajifanya anachagua suruali ya mtumba, kumbe anataka kujua farasi alimfanya nini mjomba wangu baada ya daraja. Suruali yenyewe hakununua. Sasa naandika mara moja, msome wote, mninyamazie. Mambo ya vikao vya ukoo na barua ya chifu ya kusafirisha mnyama nayaruka, maana hata mimi yalinipita nikiwa nimelala.

Kwanza wahusika. Mjomba Owiti ni kaka ya mama. Wengi wenu mmemwona bila kumjua: yule mwanamume mrefu wa koti la kijani aliyekuwa akiwapandisha watoto farasi ufukweni Dunga siku za Jumapili na sikukuu. Farasi ndiye Inspekta. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimkaribia lazima akukague: mifuko, makwapa, na mwisho anakuwekea pua mdomoni kama askari wa alkoblo anayepima madereva walevi. Mjomba alikuwa anapimwa hivyo mara kumi kwa siku, na mimi nilikuwa nasema ndiye mtu wa pekee Kisumu anayeishi na kizuizi cha polisi nyumbani kwake.

Zamani Mjomba alikuwa mtunza bustani kwenye boma moja kubwa Milimani. Mwenye boma alipohama, aliacha maagizo: viti viuzwe, mbwa apewe jirani, farasi adungwe sindano alale moja kwa moja. Daktari wa mifugo alipofika alikuta zizi tupu. Mjomba alikuwa ameshamtoa kwa mlango wa nyuma alfajiri, akamtembeza hadi Dunga akiwa amemfunika blanketi la maua, akidhani watu watafikiri ni ng'ombe. Hakuna aliyemfuata. Wakaishi pamoja miaka tisa, Mjomba kwenye chumba cha mabati na Inspekta nje ya dirisha, kichwa ndani.

Sasa mwenye kiwanja walichokuwa wakiishi pale Dunga akataka kiwanja chake. Na kulikuwa na maneno. Watu walimwambia mama kwamba kaka yake anaonekana akiyumba saa nne asubuhi, na siku nyingine amelala mchangani huku farasi amesimama juu yake, hataki mtu asogee. Mama akakata shauri kwamba pombe na yule mnyama vinamla ndugu yake. Ikaamuliwa Inspekta apelekwe kwa Mama Akoth, binamu yao mjane mwenye malisho kule Kendu Bay. Hakuna gari lililokubali kumbeba, kwa hiyo atatembea. Na mimi, kwa kuwa shule zimefungwa na ninamaliza sukari nyumbani, nikatumwa nitembee naye. Mama aliniita kando.

"Ochieng, wewe usiende kucheka tu. Hakikisha huyo mnyama amebaki. Mjomba wako akirudi naye, na wewe usirudi."

Jambo moja la mwisho, kwa wale mnaotoka mbali. Kwetu mtoto wa dada anaitwa okewo, na kwa mjomba wake ana uhuru wa ajabu. Anaweza kuingia jikoni kwake akafunua sufuria. Anaweza kuvaa shati lake akaondoka nalo. Mjomba hawezi kumfokea wala kumfukuza, ni mwiko. Mjomba hakuwahi kuniita Ochieng. Aliniita "okewa", mtoto wa dada yangu, na mimi niliitumia hiyo kazi kama mbunge.

Dunga mpaka Nyamasaria

Tuliondoka saa moja asubuhi, anga limenuna kama mwalimu wa zamu. Mjomba alibeba blanketi, ndoo, gunia dogo la pumba, mwavuli, na chupa ndogo ya chai aliyoining'iniza begani kwa kamba. Mimi nilibeba simu.

Hatukuwa tumefika hata kwenye lami, kioja cha kwanza kikaanza. Mjomba alitaka Inspekta atembee upande wa majani, yeye akae upande wa magari. Inspekta naye alitaka Mjomba ndiye akae upande wa majani. Kila baada ya hatua ishirini mmoja anamzunguka mwenzake, kama wazee wawili wanaopishana mlangoni, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Lori likikaribia, Mjomba anainua kiganja na kumfunika Inspekta jicho la upande wa barabara. Lori likipita, Inspekta anageuza shingo na kumnusa Mjomba mdomo. Halafu wanaanza tena.

"Nyinyi mtafika Krismasi," nikasema.

"Hatuna haraka, okewa. Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Nyamasaria tulizungukwa na watoto. Mmoja aliuliza kama huyu ni punda.

"Ni punda aliyesomea Maseno," nikamjibu.

"Alisomea nini?"

"Udereva. Ndiyo maana ametembea."

Mama mmoja wa nyanya akataka kujua kama anatoa maziwa. Mjomba, kwa adabu zake, akavua kofia na kumweleza kwamba huyu ni wa kiume. "Basi anawasaidia nini?" yule mama akauliza. Mjomba akairudisha kofia kichwani. "Ananiangalia," akasema. Watu wakacheka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Hapo akachukua ile chupa ya chai, akaenda nyuma ya ukuta wa kibanda, akakaa dakika mbili, akarudi. Kisha akaagiza chapati na maharagwe na kula haraka haraka.

"Mjomba, nionjeshe na mimi kilicho kwenye chupa."

Akaishika kwa mikono miwili. "Hii hapana. Vitu vyangu vyote ni vyako, lakini hii hata wewe siwezi kukupa."

Ndiyo mara ya kwanza maishani mjomba wangu kuninyima kitu. Nikajua ni chang'aa. Nilijiuliza tu huyu ni mlevi wa aina gani, anayekunywa kwa saa kama kengele ya shule, halafu hanuki.

Nyamasaria mpaka Ahero

Karibu na Rabuor askari alitusimamisha. Alikuwa kijana, kofia imemzidi, na nadhani hakuwa na la kufanya. Alitaka kujua mnyama huyu ana kibali gani cha kutumia barabara kuu. Mjomba alikuwa bado anatafuta barua ya chifu mfukoni wakati Inspekta alipoamua kwenda kula maua ya kanisa upande wa pili.

"Inspekta!" Mjomba akafoka. "Simama wima hapo!"

Yule kijana akabana visigino na kunyoosha mgongo, macho yakitafuta mkubwa wake alipo. Alipogundua anayeitwa ana mkia, alitupungia mkono tupite bila kutuangalia usoni.

Kisha mvua. Tulijibanza kwenye kanisa la mabati, sisi watatu na mchungaji mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya mahubiri peke yake. Hakusimama. Alituhubiria saa moja na nusu, na kila akisema amina Inspekta anatikisa masikio. Mchungaji alisema hajawahi kupata muumini msikivu namna hiyo. Mjomba alimfuta Inspekta maji kwa blanketi lake mwenyewe, kuanzia masikio mpaka kwato, na yeye akabaki amelowa.

Jioni ndipo tulipofika daraja la Nyando, pale Ahero. Hapa ndipo penye video yenu.

Tulikuwa katikati ya daraja. Inspekta akasimama. Akaweka pua mdomoni kwa Mjomba, akaitoa, akairudisha. Halafu akageuka kwa ubavu, mwili mzima, akambana Mjomba kwenye kingo za daraja na kumziba asiweze kwenda mbele wala nyuma. Nyuma yetu lori likapiga honi, pikipiki zikajazana, watu wakatoka vibandani. Mimi nikatoa simu. Mnayakumbuka maneno yangu: "Karibuni Ahero! Leo alkoblo imemkamata mlevi, na askari ana miguu minne!"

Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Buda! Huyo ni farasi ama bibi yako?"

"Bibi angekuwa mpole hivi, ningeoa wawili," Mjomba akajibu. Lakini aliongea polepole, kama mtu anayesoma ubao wa mbali.

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa peremende, zile ngumu za rangi ya chungwa, akaifungua kwa shida, akala. Akatoa nyingine akampa Inspekta. Wakasimama pale, wanamumunya, honi zinalia. Baada ya kama dakika kumi Inspekta alimnusa tena mdomo, akapumua puuu, akasogea. Tukavuka.

"Kumbe unamhonga," nikamwambia Mjomba. "Akigoma unampa switi."

"Eeh," akasema. "Kitu kama hicho."

Nikaituma ile video kabla hatujatandika blanketi. Mlivyocheka nyinyi! Simu ilitetemeka mpaka ikaisha chaji.

Ahero mpaka Katito

Asubuhi tulikula kwa mama mmoja anayepika wali wa hapo hapo Ahero na samaki wa mchuzi, sahani imejaa mpaka samaki anachungulia nje. Yeye aliamini kabisa sisi ni watu wa kampeni. Alimuuliza Mjomba anagombea nini. Nikamwambia anayegombea ni farasi, Mjomba ni msemaji wake. Akaongeza samaki.

Barabara ya Katito ni nzuri asubuhi. Mashamba ya mpunga pande zote, yangeyange weupe wakitembea majini kama wasimamizi wa mtihani, mikono nyuma. Inspekta alitembea kichwa kikiwa begani kwa Mjomba. Mjomba hakushika kamba. Sijawahi kumwona akishika kamba, ilikuwa inaning'inia tu.

"Okewa," akaniambia baada ya muda mrefu, "mama yako amekutuma uhakikishe nimemwacha. Sivyo?"

"Aa-aa. Mimi nimekuja kupunguza kitambi."

Hakucheka. "Mimi nitamwacha. Nimekubali. Kiwanja hakuna, na yeye meno yamekwisha, anahitaji majani laini. Sio yeye ninayemwogopea." Akatembea kidogo. "Kuna kitu nataka kukwambia, lakini usimwambie mama yako kwanza."

Wandugu, hapo ndipo ninaporudi kwa mawazo mara nyingi kuliko mahali pengine popote kwenye safari hii. Alikuwa amepunguza mwendo. Alikuwa amefungua mdomo. Na mimi, kwa sababu siwezi kuona kimya bila kukitia kidole, nikasema, "Kama umeoa kwa siri, mimi nataka soda yangu ya harusi. Na bibi harusi asiwe na mkia!"

Mjomba akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti. Halafu akafuta macho, akasema, "Yawa, okewa, wewe utaniua," na hakusema kile kitu.

Tulifika Katito mchana, jua limewaka baada ya mvua. Mwenye duka mmoja akaturuhusu kupumzika nyuma kwake. Mjomba akala nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, sahani nzima, akavua koti akalitundika kwenye msumari, akalala kwenye mkeka. Inspekta akasimama juu yake, kivuli kimemfunika.

Nikaingiza mkono kwenye lile koti. Okewo haibi, anachukua. Nikakuta peremende sita, zote zilizobaki. Nilikula mbili, nne nikawapa watoto wa mwenye duka kwa sharti wakae kimya. Kisha nikaokota kokoto sita za saizi ile ile pembeni ya barabara, nikazifunga kwenye zile karatasi, nikazipinda ncha vizuri kama kiwandani, nikazirudisha. Nilitaka Inspekta agome tena, Mjomba amhonge jiwe, nami nipate sura ya farasi aliyetapeliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya pili yenu.

Wakati nikifanya hayo Inspekta alikuwa ananitazama. Hakuhama pale alipokuwa.

Katito mpaka Kendu Bay

Tukalala hapo hapo. Siku ya tatu nilingoja Inspekta agome nikiwa na simu mkononi. Aligoma mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa karibu na daraja la Sondu Miriu, lakini hapo palikuwa na mama wa ndizi, Mjomba akala tatu, Inspekta akaridhika. Mara ya pili mzee mmoja wa miwa alitukatia vipande na kutupa bure kwa sababu hajawahi kumgusa farasi. Mjomba akatafuna muwa, Inspekta akatafuna maganda. Mawe yangu yakabaki mfukoni. Nilikasirika kabisa. Nilihesabu kwamba ulimwengu mzima unaniharibia kipindi.

Kwenye mteremko, vilima vikiwa nyuma yetu, ziwa likatokea lote kwa mara moja. Mjomba alisimama. Akamwonyesha Inspekta kwa kidole, kama unavyomwonyesha mgeni nyumba atakayolala. "Ona maji. Ni yale yale ya Dunga. Umesikia? Ni yale yale."

Mimi niligeuka nikajifanya nasoma ujumbe.

Kendu Bay

Mama Akoth ni mnene, mchangamfu, na huomba kabla ya kila kitu. Aliomba tulipoingia langoni, akaomba tulipopewa maji ya kunawa, akamwombea na farasi, jina lake kamili Inspekta Owiti. Kisha akatangaza kwamba ugeni huu si wa dagaa, ni wa kuku, na kuku yule pale, okewo amkamate.

Mjomba akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. "Sasa hivi," Mama Akoth akasema, na mnajua sasa hivi ya nyumba yenye wageni. Mjomba akaenda nyuma ya nyumba na chupa yake ya chai, akarudi akakaa.

Yule kuku alimwona Inspekta, akapanda paa la jikoni. Nilimfukuza kuku huyo nusu saa. Ningeweza kumkamata mapema, lakini majirani walikuwa wamekusanyika na walikuwa wanacheka vizuri, kwa hiyo nikaongeza madoido, nikaanguka makusudi mara mbili. Nilipomkamata, maji yalikuwa hayajachemka. Mjomba akasimama ghafla.

"Twende zetu."

"Owiti, utaondoka na njaa nyumbani kwangu?" Mama Akoth akalalamika. "Kaa, baba."

"Nikikaa sitaondoka," Mjomba akasema. "Dada, nisamehe. Nitakula njiani."

Tulikuwa tumemwingiza Inspekta kwenye uzio wa mbao, malisho safi, maji karibu. Mjomba akamwekea paji la uso kwenye shingo. Inspekta akamnusa mdomo. Akamnusa tena. Halafu akafanya kile kile cha daraja la Nyando: akasimama kwa ubavu langoni, akaziba, hakuna kupita. Mama Akoth akamsukuma, jirani akamvuta kamba, wapi. Mjomba alisimama tu upande wa ndani, jasho linamtoka, anatabasamu kama mtu asiye hapo.

Nikakumbuka mama: hakikisha amebaki. Na nikapata wazo.

"Mjomba, leta koti. Na kofia."

Akanipa bila kuuliza. Nilivaa, nikatembea kwa ule mwendo wake wa mabega chini mpaka mwisho kabisa wa malisho, nikapiga ule mluzi wake wa sauti mbili. Inspekta akainua kichwa. Macho yake si mazuri tena, wandugu, lakini pua ni nzima, na upepo ulikuwa unatoka kwangu. Akaacha lango, akaja mbio, mzee wa watu, kwato zikirusha udongo. Nyuma yake jirani akamtoa Mjomba, komeo likaanguka, kwa! Watu wakapiga makofi.

Inspekta alinifikia akaweka pua mdomoni kwangu. Mara moja tu. Akajua. Aligeuka kabla sijacheka, akarudi mbio langoni, akakuta limefungwa, na akatoa mlio ambao sikujua farasi wanao.

Nikamrudishia Mjomba koti lake, nikiwa mshindi. Tukaondoka. Nyuma yetu mbao zilikuwa zinagongwa kwato, ga, ga, ga.

"Atazoea," nikamwambia Mjomba.

Alitembea kama mtu anayepita kwenye mashua. Akasema kitu kuhusu kumwagilia maua ya Milimani. Nikajua, sasa pombe imepanda. Nikacheka, nikatoa simu, naona aibu kuwaambia lakini nilitoa simu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa peremende. Mikono ilitetemeka, karatasi ikamshinda, akaifungua kwa meno, akaitia mdomoni akauma kwa nguvu.

Nilisikia jino likivunjika.

Akatema mkononi. Damu, kipande cha jino, na kokoto yangu. Akaitazama. Akafungua ya pili, akaitazama. Ya tatu. Halafu akaniangalia mimi, bila hasira, kwa mshangao tu, kama mtoto aliyepewa kitu asichokijua.

"Okewa," akasema, magoti yakakatika.

Nilisimama pale. Sikufanya chochote. Aliyekimbia ni mama aliyekuwa akichoma mahindi ng'ambo ya barabara. Alimshika Mjomba shingo, akagusa jasho. "Huyu ana sukari! Imeshuka! Sukari! Nani ana sukari?" Mwenye kibanda cha chai akaleta sahani nzima. Yule mama akampaka Mjomba sukari kwenye ufizi kwa kidole, ndani ya mashavu, damu na sukari vimechanganyika, akisema, "Baba, rudi. Baba, rudi." Wakambeba kwa pikipiki, Mjomba katikati, yule mama nyuma amemkumbatia. Mimi nilikimbia kwa miguu mpaka kituo cha afya, na njia yote nilikuwa nasikia zile mbao, ga, ga.

"Amekuwa mgonjwa miaka mingapi?" muuguzi akaniuliza.

"Sista, si mgonjwa. Ni pombe. Iko kwenye chupa."

"Hebu niione hiyo pombe."

Akaifungua. Ndani palikuwa na maji baridi, kitambaa kilicholowa, kichupa kidogo cha insulini, dawa ya kisukari inayotaka ule mara ukishajidunga, na sindano zake. Muuguzi hakunifokea. Aliniwekea tu ile chupa mikononi, akarudi kwa Mjomba.

Kurudi

Mjomba hakufa. Alilala siku mbili bila kutujua, ya tatu akafungua macho. Mama alikuwa amefika kutoka Kondele, na nilimwambia kila kitu, pamoja na mawe. Mama, ambaye hunifokea kwa kijiko kilichopotea, alikaa chini sakafuni hapo hapo wodini akasema, "Na mimi nilisema ni mlevi."

"Kwa nini hukutuambia?" akamuuliza Mjomba baadaye.

"Ningewaambia, na habari ingefika Dunga. Nani angempandisha mtoto wake farasi anayeongozwa na mtu anayeanguka?" Akaongea taratibu, tangu siku ile maneno humponyoka. "Lakini nilikuwa siangukii mtu. Inspekta alikuwa anajua sukari inashuka kabla yangu. Ananizuia mpaka nile."

Jioni ile niliifungua video ya daraja, nikaitazama bila sauti. Bila ile sauti yangu ya kipumbavu ni video nyingine kabisa. Mjomba anatetemeka mkono. Magoti yanalegea, na farasi mzee anaweka ubavu wake kati ya mtu na mto, anamshikilia asimame. Nikaifuta. Sasa mmejua.

Alipotoka kituoni tulimpeleka kwa Mama Akoth, na huko ndiko aliko mpaka leo, kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu tena kutaja kuwatenganisha. Siku ya kwanza alivaa koti lake la kijani akaenda kwenye uzio, akapiga mluzi. Inspekta aliinua kichwa, upepo ukampelekea harufu ya lile koti, akarudi nyuma. Mjomba akapiga mluzi tena. Inspekta akaenda mpaka kona ya mwisho, akatugeuzia mgongo.

Mjomba akavua koti akaliangusha kwenye majani, akavua na kofia, akatembea kwa fulana, mikono wazi, polepole, akiongea maneno ya Kiluo niliyokuwa nayasikia kwa dirisha la Dunga nikiwa mdogo. Inspekta akamwachia afike. Akamnusa mdomo kwa muda mrefu sana. Alipofika kwenye lile pengo la jino, alilinusa pale kando, akapumua.

Nilimfuata Mjomba jioni hiyo nikamwomba anichape. Sikutania. Nilikuwa nimekata fimbo mwenyewe.

"Wewe ni okewa," akasema. "Hakuna kitu unaweza kunikosea." Akatoa peremende mpya mfukoni akanipa moja. Iko hapa mezani ninapoandika, haijafunguliwa. Kwa mara ya kwanza niliona ule mwiko wetu unavyomfunga yule mtu mikono. Hata hasira yake halali sikumwachia.

Siku ya kuondoka nilikwenda kuaga. Mjomba alikuwa ndani ya uzio, nami nikapita chini ya ubao nimkumbatie. Inspekta aliacha majani. Hakuja kunikagua mifuko. Alikuja akasimama kwa ubavu, katikati yangu na Mjomba, kama anavyosimama upande wa malori. Nikazunguka kushoto, akasogea kushoto. Nikazunguka kulia, akasogea.

"We Inspekta," Mjomba akacheka kutoka upande ule mwingine, nilikuwa naona miguu yake tu. "Huyu ni okewa! Umesahau?"

Lakini Inspekta si Mjaluo. Hana habari na okewo. Nilimuaga mjomba wangu kwa kuinua mkono juu ya mgongo wa farasi.